Viongozi wa Wachecheni: walivyopigania nchi yao, na kilichowakwamisha

Ndugu zangu, wazee wangu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum na habari za jioni.

Mada yetu ni viongozi waliosimama mbele ya Wachecheni kupigania uhuru dhidi ya dola ya Urusi, kuanzia 1785 hadi karne hii. Majina kadhaa mmeyasikia: Sheikh Mansur, Imamu Shamil, Dzhokhar Dudayev, Aslan Maskhadov. Mara nyingi watu hawa ama husifiwa kwa ushujaa, ama huitwa magaidi, na mazungumzo yakaishia hapo. Nataka twende mbali zaidi. Wachecheni waliyashinda majeshi ya Urusi uwanjani mara nyingi, tena kwa kishindo, lakini ushindi uliwaponyoka kwa sababu zile zile kila kizazi: chakula, msitu, na ugumu wa kuendesha serikali juu ya watu ambao hawakuzoea kuwa na mtawala. Kiongozi mmoja tu aliyakabili yote matatu kwa mpango, naye alidumu robo karne.

Tuanze na nchi yenyewe, maana bila kuielewa hatutaelewa vita. Chechnya iko upande wa kaskazini wa milima ya Kaukazi, kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi. Haifiki kilomita za mraba 20,000. Ukitoka kaskazini kwenda kusini unakuta kwanza tambarare za mito Terek na Sunzha, ambako mahindi, ngano na mifugo vinastawi. Halafu unaingia vilima vyenye misitu minene iliyokatwa na makorongo. Mwisho ni milima mirefu inayopakana na Dagestan upande wa mashariki na Georgia upande wa kusini. Shikeni jambo hili: tambarare inalisha milima. Wa milimani hawezi kuishi msimu mzima wa baridi bila nafaka ya bondeni.

Watu wake wamegawanyika katika koo, zinaitwa teip, na ziko zaidi ya 100. Hawakuwa na wafalme wala makabaila. Watawala wa Kikumyki na Kikabarda, mataifa jirani, waliojaribu kujiweka juu yao walifukuzwa. Mambo yaliamuliwa na wazee kwa kukubaliana, na kisasi cha damu ndicho kilichowafanya watu waheshimiane. Kwa hiyo Mrusi alipokuja hakukuta mfalme wa kumnunua wala mji mkuu wa kuuteka. Hiyo ilikuwa nguvu kubwa ya Wachecheni. Lakini kwa upande wao pia, hakuna aliyeweza kuamuru kijiji cha jirani kitoe watu, chakula na baruti kwa miezi mitatu mfululizo.

Wa kwanza kuwaunganisha alikuwa Ushurma wa kijiji cha Aldy, anayejulikana kwa jina la Sheikh Mansur. Mwaka 1785 alianza kuhubiri kuacha visasi, ulevi na tumbaku, na kushika sharia. Warusi walimtuma Kanali Pieri kwenda kumkamata. Julai mwaka huo Pieri aliingia Aldy, akakuta kijiji karibu kitupu, akakichoma, akageuza kurudi. Kosa lake lilikuwa kupita msituni kwa njia ile ile aliyojia, huku mizinga yake ameiacha nyuma upande wa pili. Wachecheni walimsubiri wakati wa kutoka. Pieri aliuawa pamoja na mamia ya askari wake, wengine wakatekwa au kuzama mtoni Sunzha.

Baada ya hapo Mansur akafanya jambo lililowagharimu wengi waliomfuata: akaiendea ngome ya Kizlyar, mara mbili ndani ya miezi michache. Mara ya kwanza watu wake walinasa kwenye vinamasi vilivyoizunguka. Mara ya pili walikutana na askari waliojipanga pamoja na mizinga. Jeshi la kuvizia halivunji ngome kwa panga. Novemba akashindwa tena, huko Tatartup, na wafuasi wakaanza kutawanyika, kwa sababu walimfuata kwa ushindi na hakuwa na chombo kingine cha kuwashikilia. Alihamia kwa Wacherkesi, taifa jingine la Kaukazi, akakamatwa Anapa mwaka 1791 ngome hiyo ya Waturuki ilipoanguka, akafa gerezani Shlisselburg mwaka 1794.

Miaka 30 hivi baadaye akaja Jenerali Yermolov na hesabu mpya. Mwaka 1818 alijenga ngome ya Groznaya kwenye mto Sunzha, pale ulipo mji wa Grozny wa leo. Lengo lilikuwa kuwafukuza Wachecheni kwenye tambarare ili njaa iwalete wapige magoti. Kijiji cha Dadi-Yurt, kilichokuwa kando ya Terek, kilifutwa Septemba 1819 na watu wake wengi wakauawa, wanawake na watoto wakiwemo. Aliyepambana naye ni Beibulat Taimiev, kamanda hodari na mwanadiplomasia mzuri, aliyeongoza uasi wa 1825. Beibulat alijua kupigana na kujadiliana kwa wakati mmoja, lakini hakuwa na hazina wala askari wa kudumu. Kila msimu ilimbidi aanze upya.

Sasa tufike kwa Shamil, na hapa tutakaa kidogo.

Kwanza tuweke sawa: Shamil hakuwa Mchecheni. Alikuwa Muavar, kabila jirani, mzaliwa wa Gimry, Dagestan, mwaka 1797. Alikuwa imamu wa tatu, na imamu hapa maana yake ni kiongozi wa dini, wa vita na wa serikali. Wa kwanza, Ghazi Muhammad, aliuawa Gimry mwaka 1832. Wa pili, Hamzat Bek, aliuawa msikitini Khunzakh mwaka 1834 kwa kisasi cha damu. Shamil mwenyewe alikaribia kumalizwa mwaka 1839 alipozingirwa kwenye mwamba wa Akhulgo kwa takriban siku 80. Ilimbidi amtoe mwanawe Jamaluddin awe rehani, kisha akatoroka usiku na watu wachache. Alivuka kuingia Chechnya akiwa mkimbizi tu.

Kilichomwinua ni kosa la Warusi. Majira ya baridi ya 1839 kuingia 1840, Jenerali Pullo alizunguka vijiji vya Chechnya akidai bunduki, na uvumi ukaenea kwamba baada ya bunduki wanaume watafanywa wakulima watumwa au kupelekwa jeshini. Kwa Mchecheni bunduki ilikuwa mali iliyorithiwa na heshima ya nyumba. Nchi nzima ikainuka, na Machi 1840 Shamil akapokewa Urus-Martan kama imamu wa Chechnya. Tangu siku ile kitovu cha vita kilikuwa Chechnya, na makamanda wengi waliotikisa Urusi walikuwa Wachecheni, ingawa jina linalokumbukwa ni la imamu.

Mfano mzuri ni vita vya msitu wa Ichkeria, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni 1842. Shamil alikuwa mbali, Dagestan. Jenerali Grabbe akaona ndiyo nafasi ya kuifikia Dargo, makao ya imamu. Alitoka na watu zaidi ya 10,000, mizinga 24, na farasi 3,000 hivi wa mizigo. Angalieni hesabu hiyo, maana ndiyo iliyomponza. Njia ya msituni ni nyembamba, gari moja kwa wakati. Msafara wa namna hiyo unanyooka kilomita kadhaa, na nusu ya askari wanageuka walinzi wa mizigo, wametandazwa mmoja mmoja pembeni, hakuna mahali wanapoweza kukusanya nguvu. Siku ya kwanza walikwenda kilomita kama 7 bila kukutana na adui. Usiku mvua ikanyesha, njia ikawa tope. Siku ya pili walijikokota kilomita 12 hivi wakipigwa risasi tangu asubuhi, wakalala bila maji. Siku ya tatu hawakumaliza hata 5, na idadi ya majeruhi ikawa imezidi uwezo wa kuwabeba.

Upande wa pili, Shoaip-mulla wa Tsentoroy na Wachecheni wenzake hawakufika 2,000. Walifanyaje? Msafara uliachwa uingie mpaka ndani kabisa. Njia ikazibwa kwa magogo kwenye makorongo, pale ambapo lazima kila mtu ashuke na kupanda polepole. Wapiga risasi walikaa nyuma ya shina au juu ya mti, na shabaha ilikuwa ya kuchagua: afisa, mpiga mzinga, farasi wa kukokota. Farasi mmoja akianguka kwenye njia nyembamba, kila kilicho nyuma yake kinasimama. Majeruhi mmoja anataka watu wawili hadi wanne wa kumbeba, kwa hiyo risasi moja inapunguza bunduki tatu hadi tano. Na kazi ya panga iliachiwa mkia wa msafara, ulipochoka na kuachana na wenzake.

Usiku wa siku ile ya tatu Grabbe aliamua kurudi, na kurudi ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa sababu jeshi linalorudi halina tena haraka ya kufika mbele wala umoja wa nyuma. Alipoteza maafisa 66 na askari zaidi ya 1,700, waliokufa na kujeruhiwa, akaacha shehena yake karibu yote. Miaka mitatu baadaye, 1845, Vorontsov, mkuu mpya wa majeshi ya Urusi Kaukazi, aliyakariri makosa hayo kwa ukubwa zaidi. Aliifikia Dargo akaikuta inawaka moto, Shamil mwenyewe ameichoma. Chakula kilipoisha akatuma kikosi kurudi nyuma kuchukua mikate mikavu kwenye msafara wa mahitaji. Kikosi hicho kiliraruliwa msituni kwenda na kurudi, na mikate iliyofika ilikuwa michache mno kulisha jeshi. Msafara mzima uligharimu majenerali 3 na zaidi ya watu 3,000, waliouawa na waliojeruhiwa. Vorontsov mwenyewe aliokolewa na Jenerali Freytag alipokuwa amekwama, risasi zinakwisha.

Lakini ushindi wa namna hiyo Mansur naye aliupata. Alichokuwa nacho Shamil, na Mansur hakuwa nacho, ni serikali. Nchi aliigawa katika wilaya, kila moja chini ya naibu. Katika miaka ya nguvu zake zilipita 30. Naibu aliongoza vita na utawala, akiwa na mufti na makadhi wa kuamua kesi. Kulikuwa na askari wapanda farasi wa kudumu, mmoja kwa kila kaya 10: kaya hizo zililima shamba lake na kulisha familia yake, yeye kazi yake ni kuwa tayari mchana na usiku. Hazina ilijazwa na zaka, faini, na khumsi, yaani moja ya tano, ya ngawira. Baraza lilikaa na imamu kushauri. Wakaguzi wa siri walitembea wilayani kusikiliza malalamiko juu ya manaibu. Barua zilipita kijiji hadi kijiji kwa farasi wa zamu. Mizinga iliyeyushwa na kutengenezwa Vedeno, makao yake ya baadaye, ingawa ubora wake ulikuwa wa mashaka na mingine ilipasuka. Kisasi kilibanwa kiishie kwa muuaji mwenyewe, kisimfuate binamu yake. Mahari yalipunguzwa ili vijana waoe. Na aliyekata mti msituni bila ruhusa alitozwa faini.

Sisemi utawala ule ulikuwa mpole. Vijiji vilivyogoma viliadhibiwa kwa moto na upanga, na manaibu wengine walijitajirisha. Wachecheni wengi waliuvumilia kwa sababu mbadala wake ulikuwa Yermolov. Ila hilo ndilo swali lililoendelea kuwarudia: utabana kiasi gani kabla watu huru hawajakuona wewe ndiye mtawala wa kigeni? Shamil alivuka mpaka huo mwaka 1848 alipomtangaza mwanawe Ghazi Muhammad kuwa mrithi. Manaibu waliompa uimamu kwa shura hawakulipenda jambo hilo. Mwaka 1851 Hadji Murad, mmoja wa makamanda wake bora, alihamia kwa Warusi, akauawa mwaka uliofuata alipojaribu kuwatoroka hao nao.

Warusi nao walikuwa wamejifunza. Waliacha kufukuzia ushindi wa mara moja, wakachukua shoka. Msisahau shoka mnapoizungumzia vita hii. Kazi ilifanyika majira ya baridi, majani yamepukutika na mviziaji anaonekana. Vikosi viliingia na kufyeka njia pana, pande zote mbili hadi umbali wa risasi ya bunduki, ili mtu aliyejificha kwenye ukingo asimfikie mpita njia. Magogo yakachomwa. Vijiji vilivyokuwa pembeni vikapewa chaguo: kuhamia tambarare chini ya macho ya ngome, au kuchomewa nyasi kavu na mahindi. Mwaka uliofuata mahali pale pale palirudiwa, machipukizi yakakatwa. Kwa njia hiyo majenerali Baryatinsky na Evdokimov waliila Chechnya kipande kwa kipande. Vita vya Crimea vilipokwisha mwaka 1856, Urusi ikahamishia Kaukazi majeshi yanayokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000, yakiwa na bunduki mpya zenye masafa marefu kuliko zile za wapiganaji wa milimani.

Tambarare ilipopotea, Dagestan ikakosa nafaka, na manaibu wakaanza kujisalimisha mmoja baada ya mwingine. Vedeno ilianguka Aprili 1859. Shamil alirudi nyuma hadi mlima wa Gunib akiwa na watu 400 hivi, akajisalimisha kwa Baryatinsky Septemba 6, 1859. Alikaa Kaluga kama mateka wa heshima, akaruhusiwa kwenda kuhiji, akafa Madina mwaka 1871 na kuzikwa Baqi.

Mchecheni mmoja hakujisalimisha Gunib. Baysangur wa Benoi, ambaye kwa mapokeo ya watu wake alikuwa amepoteza mkono, jicho na mguu vitani hata ikabidi afungwe juu ya farasi kwa kamba, alipenya mzingiro akarudi kwao milimani. Mwaka 1860 aliinua uasi mpya pamoja na Uma Duyev na Atabi Atayev. Walimkamata, wakamnyonga Khasavyurt mwaka 1861. Kwa Wachecheni wengi hadi leo, kati ya Shamil na Baysangur, wa pili ndiye anayetajwa kwa mapenzi makubwa zaidi, na naona wana haki.

Wakati huo huo alitokea kiongozi wa aina nyingine kabisa. Kunta-Haji Kishiev alileta twarika ya Qadiriyya, akahubiri kwamba vita visivyo na mwisho vitalimaliza taifa. Watu waendelee kuishi, washike dini yao na desturi yao, wasaidiane. Zikiri yao ni ya sauti, wanaume wakizunguka kwa duara wakipiga makofi na miguu. Hapa pwani ya Afrika Mashariki twarika hiyo hiyo ilienezwa na Sheikh Uways wa Barawa, na Bagamoyo ikastawi chini ya Sheikh Ramiya, kwa hiyo aliyewahi kuhudhuria uradi wa Qadiriyya Unguja au Bagamoyo anajua ni twarika gani ninayoizungumzia. Serikali ya tsar, mfalme wa Urusi, iliogopa hata amani ya namna ile, kwa kuwa ilikuwa imejipanga nje ya mkono wake. Januari 1864 Kunta-Haji alikamatwa. Wafuasi wake walikusanyika Shali kudai aachiwe, wakapigwa risasi na mizinga, wengi wao wakiwa na majambia tu. Alifia uhamishoni Ustyuzhna mwaka 1867. Mwaka 1865 familia zipatazo 5,000 zilihamia Dola ya Osmania, na kizazi chao kipo Uturuki, Syria na Jordan hadi sasa. Mji wa Zarqa, Jordan, ulianzishwa na Wachecheni hao mwanzoni mwa karne ya 20.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1877 kijana Alibek-Haji Aldanov wa Simsir alitangazwa imamu, Urusi ikiwa vitani na Waturuki. Alinyongwa Grozny Machi 1878 pamoja na wenzake, akiwa hajafika miaka 30. Mei 1918 Jamhuri ya Milimani ilijitangazia uhuru, Tapa Chermoev akiwa kiongozi wake. Septemba 1919 mzee Uzun-Haji alianzisha emirati yake Vedeno, ikapigana dhidi ya jeshi la Denikin, jenerali wa Urusi ya zamani, bega kwa bega na vikosi vya Wabolsheviki, yaani wakomunisti. Huyo mzee alikubaliana nao kwa sharti kwamba Wakaukazi wataachwa wajitawale kwa sharia. Alifariki Machi 1920, na ahadi haikumpita kwa miaka mingi. Chini ya Stalin, Hasan Israilov alianzisha uasi mwaka 1940, naye Mairbek Sheripov mwaka 1942. Wote wawili waliuawa kabla vita vya dunia havijaisha.

Uasi huo ulikuwa mdogo, na Wachecheni maelfu walikuwa mstari wa mbele wakipigana na Wajerumani. Hata hivyo taifa zima likaadhibiwa. Februari 23, 1944, sikukuu ya Jeshi Jekundu, wanaume waliitwa viwanja vya vijiji kama wanaokwenda kwenye sherehe, wakazingirwa. Familia zilipewa muda mfupi kufunga mizigo, zikapakiwa malori, kisha mabehewa ya bidhaa. Kwa wiki moja Beria, mkuu wa polisi wa siri, aliripoti kwa Stalin watu zaidi ya 478,000, Wachecheni na Waingushi, kwenye treni 180 kuelekea Kazakhstan na Kirgizia. Safari ilichukua wiki mbili tatu. Homa ya chawa ilizuka mabehewani, na maiti ziliachwa kwenye theluji kando ya reli. Makadirio mengi yanasema karibu robo ya taifa au zaidi ilikufa katika miaka ya kwanza. Jamhuri yao ilifutwa kwenye ramani, na haikurudishwa hadi Januari 1957. Bunge la Ulaya liliita tendo lile mauaji ya kimbari mwaka 2004, na hakuna neno jingine linalolitosha.

Dudayev alizaliwa mwaka huo wa 1944, akabebwa uhamishoni mchanga. Maskhadov alizaliwa uhamishoni kabisa, Kazakhstan, mwaka 1951. Wote walipanda ngazi za jeshi lile lile lililowafukuza wazazi wao: mmoja jenerali wa jeshi la anga aliyeongoza divisheni ya ndege za kuangusha mabomu huko Tartu, Estonia, mwingine kanali wa mizinga. Dola ya Kisovieti ilipotikisika Agosti 1991, Dudayev na Kongamano la Taifa la Wachecheni waliiondoa serikali ya zamani Grozny, akachaguliwa rais Oktoba 27, na Novemba 1 akatangaza uhuru. Yeltsin, rais wa Urusi, alituma askari, wakazingirwa uwanja wa ndege wa Khankala, wakaondoka bila vita. Mwaka 1992 jeshi la Urusi liliondoka likiacha sehemu kubwa ya silaha zake. Silaha hizo, ndugu zangu, ziliingia mikononi mwa makundi mengi kabla ya kuwepo serikali ya kuyashika.

Dudayev alikuwa na haiba na msimamo, lakini uongozi wa raia ulimshinda. Mishahara na pensheni vilikauka, mafuta yaliibwa, wapinzani wakaundiwa jeshi na Moscow, na mwaka 1993 yeye mwenyewe akalivunja bunge kwa nguvu. Kilichowaunganisha tena watu ni uvamizi wa Urusi wa Desemba 11, 1994.

Mkesha wa mwaka mpya Warusi waliingiza safu za vifaru Grozny bila askari wa kutosha wa miguu kando yake. Mpango wa ulinzi ulikuwa wa Maskhadov, na mtaona ni ule ule wa Ichkeria, ila badala ya miti kuna maghorofa. Vikundi vidogo, kila kimoja na mrusha roketi ya begani, mwenye bunduki ya rashasha na mdunguaji. Safu inaachwa iingie barabara nyembamba. Kifaru cha kwanza na cha mwisho vinapigwa, vya katikati vinakwama. Mzinga wa kifaru unainuka digrii 14 hivi tu na kushuka 5 au 6, kwa hiyo aliye ghorofa ya nne au kwenye dirisha la chini ya ardhi, kwa karibu, hafikiwi. Brigedi ya 131 kutoka Maikop iliangamia karibu yote ikizunguka kituo cha reli. Warusi waliuchukua mji baada ya wiki kadhaa, kwa kuusambaratisha kwa mizinga na mabomu, na waliokufa zaidi ni raia, wakiwemo wazee wengi wa Kirusi ambao hawakuwa na kijiji cha kukimbilia.

Dudayev aliuawa kwa kombora Aprili 21, 1996 karibu na Gekhi-Chu, akizungumza kwa simu ya setilaiti. Agosti 6 mwaka huo Maskhadov akafanya lililoonekana haliwezekani. Wapiganaji 1,500 hivi waliingia Grozny usiku, dhidi ya kikosi kilichowazidi mara kadhaa. Hawakupoteza damu kuvamia kila kambi. Walizitenga, wakafunga njia kati yao, wakasubiri misafara ya kuokoa ije, wakaipiga hiyo. Agosti 31 Maskhadov na Jenerali Lebed wa Urusi wakatia saini makubaliano huko Khasavyurt: majeshi yaondoke, na suala la hadhi ya Chechnya liamuliwe kabla ya Desemba 31, 2001. Januari 1997 Maskhadov alichaguliwa rais kwa asilimia 59 hivi, katika uchaguzi uliosimamiwa na waangalizi wa kimataifa. Mei alitia saini mkataba wa amani na Yeltsin, Moscow. Hakuna kiongozi wa Kichecheni aliyewahi kuufikisha uhuru karibu kiasi hicho.

Ilikwendaje kombo? Nchi ilikuwa kifusi, na fedha za ujenzi zilizoahidiwa hazikufika zilikokusudiwa. Makamanda hawakurudisha silaha, kila mmoja na watu wake. Utekaji nyara ukawa biashara, na Desemba 1998 wahandisi 4, Waingereza 3 na raia mmoja wa New Zealand, walikatwa vichwa. Wanajihadi wa kigeni wakiongozwa na Khattab walikuwa na pesa ambazo serikali haikuwa nazo. Julai 1998, baada ya mapigano ya Gudermes, Maskhadov alikuwa na nafasi ya kuwafukuza. Aliamuru, kisha akarudi nyuma kwa kuhofia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hapo ndipo ninapoamini alipoteza nchi. Februari 1999 akatangaza sharia ili awapoze wapinzani, akalinyima bunge mamlaka yake ya kutunga sheria, yaani akavunja mguu wa kiti alichokalia. Agosti kamanda wa Kichecheni Shamil Basayev na Khattab waliivamia Dagestan bila idhini yake, na Putin akapata sababu aliyoihitaji. Majeshi yakarudi.

Juu ya Basayev nisiwe na kigugumizi. Budyonnovsk mwaka 1995 aliteka hospitali, na watu zaidi ya 100 wakafa. Beslan, Septemba 2004, watu waliotumwa naye waliteka shule, na waliokufa ni zaidi ya 330, wengi wao watoto. Kufukuzwa kwa 1944 hakuhalalishi hilo, na Grozny iliyosagwa haihalalishi. Maskhadov alililaani tendo la Beslan, lakini dunia haikumsikiliza tena. Februari 2005 alitangaza kusitisha mapigano kwa upande mmoja. Machi 8 akauawa Tolstoy-Yurt, na familia yake haikupewa maiti.

Zelimkhan Yandarbiev, aliyekaimu urais baada ya Dudayev, aliuawa kwa bomu la garini Doha, Qatar, Februari 2004. Mahakama ya huko iliwahukumu Warusi wawili kifungo cha maisha, nao wakarudishwa kwao ndani ya mwaka. Abdul-Halim Sadulayev, aliyemrithi Maskhadov, na Basayev waliuawa mwaka 2006. Oktoba 2007 Dokka Umarov, aliyemrithi Sadulayev, aliifuta jamhuri ya Ichkeria, yaani dola ile iliyoanzishwa na Dudayev, akatangaza emirati ya Kaukazi nzima, na dai la taifa moja kujitawala likamezwa na jihadi isiyo na mipaka. Akhmed Zakayev, mmoja wa watu wa serikali ya Maskhadov, akiwa London, alilikataa tangazo hilo na kuendelea na jina la jamhuri. Grozny ikabaki kwa ukoo wa Kadyrov: baba, Akhmad, mufti aliyepigana na Urusi vita vya kwanza na kuhamia upande wake vita vya pili, aliyeuawa Mei 9, 2004, na mwana, Ramzan, aliyeirithi nchi.

Oktoba 2022 bunge la Ukraine liliitambua Ichkeria kuwa nchi iliyokaliwa kwa muda na Urusi. Kwenye vita ya Urusi na Ukraine Wachecheni wako pande zote mbili: vikosi vya Kadyrov vinabeba jina la Akhmat, na wanaopigana upande wa Ukraine wamejipanga katika vikosi viitwavyo Sheikh Mansur na Dzhokhar Dudayev.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Tuingie kwenye maswali.